Kwa Nini Chungu Hugongwa Kabla ya Kununuliwa

Zamani, kabla gulio la mlimani halijazoea kelele, wauza vyungu waliketi wakiipa bidhaa yao mgongo. Ilikuwa mwiko mtu kusifu alichokifinyanga mwenyewe. Kila mfinyanzi alichora alama yake shingoni mwa chungu, na sifa zikaachwa kwa waliokwisha kukipikia. Kwamba watu wa enzi hizo walikuwa wema kuliko sisi, hakuna aliyelithibitisha. Lililo wazi ni kwamba mdanganyifu alijulikana kwa alama yake.

Alama ya mfinyanzi Nakiete ilikuwa ukucha wa kanga. Wanawake walivuka mto kuitafuta.

Kisha akaja Mbonea na baragumu lake, akawasifia wafinyanzi waliokubali kumlipa mtama. Sauti ilipozoeleka akaongeza ngoma. Ngoma ilipozoeleka akaleta wachezaji. Mwishowe akachora vyungu vinavyofuka mvuke kwenye kuta zote za njia ya gulio. Nakiete akawa anarudi nyumbani na mzigo wake kichwani, gulio baada ya gulio, na wajukuu aliowalea wakashindia mboga za mwituni.

"Mama, ukimya wako unauza nini?" Mbonea alimuuliza. "Hata kanga wa alama yako hupiga kelele."

"Kanga hauzi chungu."

"Ndiyo maana huliwa yeye."

Majirani wakacheka. Nakiete aliwafikiria wajukuu wake, akakubali, lakini akayapima maneno yake kama mtu anayekula kiapo. "Sema hivi tu, usipunguze: chungu cha Nakiete hakipasuki, kikizoeshwa moto kwa uji mwepesi." Maana chungu kipya kisichopikiwa uji kwanza hakina dhamana, na kila bibi wa mlimani alilijua hilo.

Mbonea akalijaribu tamko lile kwenye ngoma. Nusu ya kwanza ilichezeka. Nusu ya pili ilikwama, akaiacha. Gulio zima likaitikia: chungu cha Nakiete hakipasuki. Nakiete alilisikia pengo lile. Akafungua kinywa, akaona vyungu vyake vikiondoka, akakifunga.

Miongoni mwa wanunuzi alikuwa Namsifu, aliyeolewa kutoka tambarare, asiye na mkwe wa kumfundisha. Alikijaza chungu maharage na maji, akakiteleka kwenye moto mkali, mwanawe akicheza kando ya mafiga. Chungu kikapasuka. Mtoto alizikwa kabla ya gulio lililofuata.

Siku ya gulio Namsifu alikuja na kigae chenye ukucha wa kanga, akakiweka mbele ya Nakiete. Hakulia wala hakutukana.

"Niliambiwa hakipasuki."

"Mimi sikusema hivyo, mwanangu."

"Yaliposemwa ulikuwa wapi?"

Namsifu akainama, akagonga chungu kimoja kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akagonga kingine. Wanawake waliokuwa karibu wakaanza kugonga vilivyo mbele yao. Ngoma ikanyamaza. Halikusikika jingine ila vidole juu ya udongo.

Nakiete aliikwangua alama yake kwenye vyungu vilivyobaki, na hakufinyanga tena.

Na tangu siku hiyo vyungu huuzwa bila alama ya aliyevifinyanga, na mnunuzi hukigonga chungu, akakitegea sikio, kabla ya kukubaliana bei. Mbiu haikukoma, hubadili ala tu kila zama. Wala kugonga si kinga kamili. Mlio hufichua ufa uliokwisha kuwepo. Maneno yaliyoachwa hauyafichui.