Majitu ya Jicho Moja na Sultani Mwenye Mkia

Hapo zamani mji wa Nurubandari ulitawaliwa na Sultani Ghalibu bin Mutasimu, mfalme mwenye adili kiasi, hasira kiasi, na kilemba kisicho na kiasi, maana kilikuwa kikubwa hata milango ya kasri ilibomolewa ikajengwa upya, na mwenyewe akigeuza shingo kwa haraka, kilemba kilimfuata baadaye. Na Sultani huyo alikuwa na mchora ramani wake, Maalim Nasibu, mtu wa makamo, mnene, mwenye maneno mengi, mjuzi wa nyota na wa bikari, ambaye alikuwa ameichora dunia nzima bila kuvuka lango la mji, kwa sababu jua lilimchosha na ngamia walikuwa na tabia ya kumtemea mate.

Siku aliyoikamilisha ramani kubwa ya dunia, aliitandaza mbele ya baraza, na mawaziri na makadhi na majemadari wakainama kuitazama.

"Maalim," akasema Sultani, "mimi niko wapi?"

"Huyu hapa, ee mtukufu," akajibu Nasibu, akaonyesha sura ya Sultani iliyojaza upande mzima wa chini, kilemba na vyote. Na kwa kuwa kilemba kilidai nafasi, Bara la Kusi lililokuwa upande ule alikuwa amelibana na kulisukuma pembeni, hata likabaki dogo kama kapi la muwa lililokwisha kutafunwa, na katikati ya bara lile pakawa peupe.

"Na hapa peupe pana nini?" akauliza Waziri Shamsi, kwa sauti ya mtu aliyeona chawa kwenye kanzu ya mwenzake. "Au tuseme kuna jambo Sultani wetu asilolijua?"

Jasho likamtiririka Nasibu mpaka kwenye ndevu. Akachovya kalamu upesi, akachora jitu refu lenye jicho moja katikati ya paji la uso, na kwa kuwa mkono ulikwisha kupata moto, akachora la pili na la tatu.

"Hawa ndio wenyeji, ee mtukufu. Nilikuwa nangoja wino ukolee."

"Masha Allah!" Sultani akapiga goti lake kwa furaha. "Mwenye jicho moja haangalii pembeni! Miaka yote natafuta bawabu wa namna hiyo! Maalim, niletee mmoja kabla ya Idi, nami nitakuvika joho la heshima. Na usipomleta, kichwa chako kitakaa mahali pake na mwili wako mahali pengine."

Nasibu akarudi nyumbani, akatoa sandukuni bikari ya shaba aliyoirithi, ambayo ndani yake babu yake alimfunga jinni aitwaye Kashkashi, na Nasibu alikuwa hajapata kumwita kwa kuwa hakuwa na safari. Akaipanua miguu ya bikari, na moshi wa buluu ukafuka, na jinni akatokea akipiga miayo.

"Labeka, bwana wangu! Lo, umenenepa kuliko babu yako!"

"Nichukue mpaka katikati ya Bara la Kusi, nikatafute majitu!"

"Sikio langu ni lako. Lakini nilivyofungwa, mimi naitumikia ramani, si mtu. Pima kwenye ramani, nami nitaruka kadiri inavyosema."

Nasibu akapima. "Vidole viwili."

"Viwili tu?" Jinni akacheka mpaka vyombo vikatikisika kabatini. "Hiyo nayo safari? Huko ni kujinyoosha!"

Akambeba mabegani, na upepo ukavuma, na mara akammwaga chini puu, kama gunia la kunde.

"Tumefika, bwana."

"Tumefika wapi? Hapa ni pwani! Nayasikia mawimbi!"

"Vidole viwili nimeruka. Kama nchi imezidi ramani, kagombane na aliyeichora." Na jinni akajirudisha ndani ya bikari, akalala.

Basi Nasibu akaanza kutembea kwa miguu yake ndani ya kile kipande cha muwa, na kipande kikagoma kwisha. Mahali alipochora tembo akakuta soko la chumvi lenye kelele kuliko la kwao, na mto aliouchora kama unywele akauvuka kwa mtumbwi kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, na kila mtu aliyemsalimu alimtazama kwanza kwenye paji la uso, na kila mtu alikuwa na macho mawili, na yote mawili yalimshangaa. Viatu vikaisha, kitambi kikapungua, na mwezi wa Ramadhani ukaandama juu ya kichwa chake ambacho sasa alikihesabu kuwa ni cha kuazima.

Alasiri moja, kwenye ukingo wa mji wa Malkia Nyamizi, akahisi kuna mtu nyuma yake. Akageuka, na yule mtu naye akazunguka upande ule ule. Akageuka tena, mtu akazunguka tena. Wakazungukana hivyo kama jogoo wawili, mpaka Nasibu akashikwa na kizunguzungu akakaa chini, ndipo akamwona mwanamke mrefu, mwenye madoa ya wino vidoleni na wavu begani.

"Bibi wee, unatafuta nini huko nyuma yangu?" akauliza kwa lugha ya sokoni, ambayo wachuuzi wa kila nchi huielewa.

"Mkia," akasema mwanamke bila haya. "Usikae, utaukalia! Nyinyi wa Nurubandari si mna mikia?"

"Mikia! Nani kasema?"

"Ramani yangu. Mimi ni Kabula, mchora ramani wa Malkia. Na wewe mbona unanichungulia paji la uso?"

"Natafuta... jicho lako la tatu. Hapana, nimekosea, natafuta jicho lako liwe moja."

Kabula akaangua kicheko, akacheka mpaka akauangusha wavu. Akakunjua ngozi ya ng'ombe iliyochorwa, na Nasibu akaona Bara la Kusi limetanda kutoka shingoni hadi mapajani, lenye mito na miji na majina yake, kusini ikiwa juu, na Nurubandari imebanwa kule chini kwenye kwato.

"Kwenye kwato!" Nasibu akang'aka. "Mji wenye misikiti na hamamu za kuogea, umeuweka kwenye kwato?"

"Palibaki nafasi hapo. Nawe umeuweka wetu wapi?"

Nasibu akaikunjua yake, na Kabula akakitazama kilemba kwanza, kisha kapi la muwa, na sasa asicheke.

Wakafuturu pamoja kwa uji na samaki wa mtoni, na Nasibu akamweleza habari ya kichwa chake, naye Kabula akamweleza kwamba Malkia atamfukuza mjini asipopata mtu mwenye mkia. Ndipo Nasibu akapata shauri.

"Bibi Kabula, ungejifunga kitambaa jicho moja tu, siku moja tu..."

"Ili kichwa chako kibaki, na nchi yangu yote ipofuke nusu?"

Nasibu akainamisha uso, maana neno lile lilimwingia. Na pale pale, kwa kuwa hakuwa amewahi kukemewa kwa macho mazuri kiasi kile, akampenda.

"Basi twende," akasema, "nikaseme kweli, na upanga useme unavyotaka."

Wakamwamsha Kashkashi, akaruka kwa kipimo cha ile ngozi, na kwa kuwa Kabula alikuwa ameichora bahari nyembamba kama uzi, jinni akawaangusha baharini mbele ya bandari, na wakaingia barazani wakichuruzika, mkesha wa Idi.

"Bawabu wangu yuko wapi?" akanguruma Sultani. "Naona mwanamke mwenye macho mawili!"

"Na wote wana mawili, ee mtukufu," akasema Nasibu. "Sikuwahi kufika. Niliogopa pale peupe, nikapajaza uongo."

Sultani akamwashiria mwenye upanga, na Nasibu akapiga magoti. Hapo Kabula akasogea mbele, akainama kwa adabu.

"Seyyidi wangu, kabla shughuli haijaanza, nakuomba usimame ugeuke. Malkia Nyamizi anangoja habari za mkia wako."

Akatundika ngozi, na baraza zima likaona, pale kwenye kwato, mtu mwenye kilemba kikubwa mno, na chini ya joho mkia uliosokotwa mwishoni kama wa punda. Kadhi akajifunika uso kwa shali, mabega yakimcheza.

"Nani... ni wangapi wameiona hii?" akauliza Sultani.

"Nakala zake hutundikwa kila soko, seyyidi. Kina mama huwatishia watoto wasiokula."

"Mimi sina mkia! Waziri, sema!"

"Ee mtukufu," akajibu Waziri Shamsi, "adabu haijaniruhusu kuangalia."

"Aliyeichora ni nani?"

"Mimi," akasema Kabula, "nami sikuwahi kufika. Sasa nimefika, na nataka kuufuta. Lakini naona hapa anayekiri kosa la ramani hukatwa kichwa, kwa hiyo, kwa usalama wangu, bora mkia ubaki."

Sultani akamtazama mwenye upanga, akaitazama ngozi, akajishika nyuma bila kujua.

"Weka huo upanga chini!" akapiga kelele. "Tena ukatie tikiti maji, wageni hawajafuturu! Maalim, wewe na bibi huyu, mtachora upya dunia, kwanza mkianza na nyuma yangu!"

Wakachora. Wakazunguka nchi zote mbili, na kila mto wakauliza jina lake kwa wanaounywa maji yake, na Bara la Kusi likapewa ukubwa wake, na pale wasipopajua wakaandika "Hatujafika" bila haya. Sultani alipouliza yeye atakaa wapi, Nasibu akamwambia upande wa nyuma wa ramani wote ni wake, na Sultani akaona hiyo ni heshima ambayo mfalme mwingine hajaipata.

Na Malkia Nyamizi akaja na ngoma na pembe za ndovu na mitungi ya asali, akaketi na Sultani wakacheka hadi machozi, na Nasibu akamwoa Kabula kwa mahari ya nyumba yenye madirisha pande zote. Wakaneemeka, na wafalme wa mbali wakawa wanatuma merikebu kuomba wachorwe kama walivyo, hata wale wafupi. Nanyi mliosikia, mkitaka kuijua nchi ya watu, nendeni mkakae nao mle uji wao, maana nchi haimjui mtu aliyeipima kwa vidole kutoka chumbani kwake, na yeye haijui nchi hiyo. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na furaha yao ikawafikisha uzeeni.