Faolani, Njoo kwa Mama

Paukwa!

Pakawa!

Pakaweni mkisogea motoni, maana ngano hii ina baridi.

Hapo kale, Ayalandi ilipokuwa misitu na theluji, mwanamke aitwaye Sorka alijifungua njiani, peke yake, akazimia. Alipozinduka akamkuta mbwa mwitu jike amemkumbatia mtoto wake, anamtia joto, na mwana wa mbwa mwitu mwenyewe anatetemeka pembeni.

"Nikushukuruje, mama?" akauliza Sorka.

"Mwite mwanao jina la mwanangu. Wawindaji wanatumaliza. Tukiisha sote, angalau jina libaki."

"Wako anaitwa nani?"

"Faolani."

We mtoto, acha kucheka! Sikusema Fulani. Faolani, yaani mbwa mwitu mdogo kwa lugha yao.

Sorka akarudi kijijini na mtoto na jina. Mtoto alipoanza kutembea, kila jioni mama alisimama mlangoni akiita, "Faolani, njoo! Faolani, njoo! Faolani, njoo kwa mama!" Naye huja mbio, anaanguka, anainuka. Majirani wakalipenda jina, wakawapa na watoto wao.

Huko msituni wawindaji walikwisha kumuua yule mbwa mwitu jike. Mwanawe akabaki yatima, hana wa kumwita. Uchungu ulioje!

Jioni moja, katika kuzurura, akafika karibu na kijiji. Akasikia, "Faolani, njoo! Faolani, njoo! Faolani, njoo kwa mama!"

Masikini, akasahau yote aliyofundishwa. Akatoka msituni mbio, mkia unatikisika, akapita mbele ya wawindaji waliokuwa wakiota moto.

"Msimuue!" Sorka akapiga kelele. "Nimemwita mimi!"

Mkuki ulikuwa umeshafika. Sorka akakaa chini, akamlaza kichwa pajani pake.

"Mama aliyeniita yuko wapi?" akauliza mbwa mwitu mdogo.

Angemjibu nini, jamani?

"Niko hapa, mwanangu."

Akatulia, akakata roho.

"Unamlilia mnyama?" wawindaji wakamcheka. "Kwani nani huyo?"

"Faolani," akasema Sorka, na mwanawe aliyekuwa uani akaitika, "Naam, mama!"

Tangu hapo Sorka hakuita tena mlangoni. Alimfuata mwanawe alipo, akamgusa bega, akamnong'oneza jina lake. Mtoto akadhani mama amemkasirikia. Mbwa mwitu wakaisha nchi nzima, na watoto wa watu wanaitwa Faolani hadi leo.

Ngano yangu imeishia hapo, mlangoni pa Sorka, na mlango wenyewe kimya.