Pua ya Bi Sange

Hapo zamani za kale, wanangu, mwaka ule msitu ulipowekewa mpaka, Nyati na Kifaru walifanywa walinzi wa lango. Nje ya mpaka aliishi Bi Sange, mnyama mdogo kama panya, mwenye pua ndefu isiyotulia.

Siku moja mwanawe, Kinyemi, alishikwa na homa. Bi Sange aliijua dawa yake: gome la mti wa homa. Lakini mti huo ulikuwa umebaki mmoja tu, nao ulikuwa ndani ya msitu. Akambeba mtoto mgongoni, mbio hadi langoni.

"Hodi, wazee wangu! Naomba kupita. Nataka gome, kiganja kimoja tu."

"Hupiti," akasema Nyati, "mpaka utuonyeshe mti wenyewe. Tunataka tuubandue wote, dawa tukaiweke majumbani mwetu."

Bi Sange akawaza. Mti ukibanduliwa pande zote hufa. Na bila gome, je, Kinyemi?

"Haya," akasema. "Ila kiangazi hiki hakuna jani, miti yote imefanana. Mti wa homa hutambuliwa kwa kukwangua gome na kunusa. Hunukia kama tango bichi. Lakini kwetu hatunusi kabla ya kufungua pua."

"Hufunguliwa kwa kitu gani?" akauliza Kifaru.

Bi Sange akafungua kitambaa cheusi shingoni mwa mtoto. Ndani mlikuwa na mvuje, ile dawa yenye harufu mbaya wanayofungwa watoto wachanga. Akawapaka puani, akakandamiza vizuri.

"Chyaaa! Mama wee!" Nyati akapiga chafya. "Mbona inanuka hivi?"

"Ndiyo inafunguka hiyo, baba. Haya, kanuseni."

Wakaingia msituni, Bi Sange nyuma yao. Kwaru, kwaru!

"Ni huu!" akaita Nyati. "Una harufu kali, bila shaka ndiyo tango!"

"Wapi! Ni huu wangu," akasema Kifaru. "Lakini... mbona na ule pale unanuka vilevile? Hata jiwe hili linanuka! Jiwe nalo ni dawa?"

"Hata wewe unanuka, Kifaru. Wewe ndiye mti?"

"Mti babu yako!"

Walipokuwa wakisukumana, Bi Sange alikwangua mti mmoja, wa pili, wa tatu. Wa nne: tango bichi! Akausalimu, akabandua kiganja kimoja upande wa macheo, akaziba jeraha kwa udongo alioulowesha kwa mate. Fyuu! Akaenda zake.

Jioni Kinyemi alitoka jasho, akaomba uji.

Siku ya tatu walinzi wakabisha hodi, macho yamewatoka.

"Bi Sange, tumenusa msitu mzima. Kila mti ni dawa! Sasa tubandue upi?"

"Jamani! Kama kila mti ni dawa, si mlinde yote?"

Wakatazamana, wakarudi langoni. Mpaka leo wanalinda, na mpaka leo hawajaelewa.

Basi wanangu, anayetaka dawa ajifunze kwanza mti, ndipo anyooshe mkono.