Kwa Nini Nguzo ya Chuma Huvikwa Nguo

Enzi ambazo vitu vilikuwa bado na ndimi zao, Chuma alikuwa mtu, tena mtu wa kuringa. Alikaa Ng'anzo, mji wa mlimani, na hakuna kilichowahi kumkunja. Jiwe lililomgonga lilipasuka lenyewe. Hata Moto, mtani wake, alimkumbatia mchana kutwa hadi akachoka, akamwacha kama alivyomkuta. Kwa hiyo watu wa Ng'anzo walilima kwa vijiti na kushona kwa miiba, kwa kuwa hapakuwa na wa kumfanya Chuma awe jembe wala sindano. Kazi yake ilikuwa kutazamwa, kama bwana harusi.

Mkewe aliitwa Nambua, wa ukoo wa Udongo, na alikuwa mkandikaji. Ukuta uliopita mikononi mwake haukupasuka. Wanawake wa kisimani walimsengenya mchana kweupe, wakisema amepata mume mzuri wa sura lakini hata kuinama akaokota kijiko hawezi. Nambua alicheka pamoja nao, na siku nyingine yeye ndiye aliyeanza. Alimpenda mumewe, ila hakuwa kipofu.

Ikaja miaka ambayo ardhi ilikuwa ngumu na vijiti vikavunjikia mikononi mwa wakulima. Wazee walikwenda kwa Chuma mara kadhaa kumwomba ainame kidogo, watoto wapate kula. Akawajibu kuwa hajazaliwa wa kumwinamisha. Wakarudi makwao vichwa chini, na wake zao wakamsema hadi masikio ya Nambua yakawasha.

Mambo yalibadilika katika msiba wa mama yake Chuma. Mnajua mila ya utani: mtani huja msibani kufanya vituko, hulala njiani jeneza lisipite, humtukana marehemu watu wacheke machozi yapungue, na anachoomba hanyimwi. Anayemkasirikia mtani amejivua nguo hadharani. Basi Moto alikuja, akakalia kigoda cha marehemu, akasema bibi huyu alikuwa mchoyo hata wa kivuli chake na mwanawe amemrithi. Waombolezaji wakashika mbavu. Kisha akaomba, na hakuomba mbuzi.

"Mtani, nataka nikikukumbatia sawasawa, ulegee. Watu wapate majembe."

Waombolezaji wote wakamgeukia Chuma. Chuma alitazama huku na huku akaona macho ya njaa pande zote, na mama yake bado hajazikwa. Akaona aibu. Na mtu mwenye majivuno akiamua kutoa hutoa kupita kiasi, ili asionekane amelazimishwa. Alisimama akaapa kwa mwili wa mama yake kwamba popote Moto atakapomkumbatia mpaka joto limwingie mifupani, hapo atalegea. Vigelegele vikapaa. Nambua, aliyekuwa jikoni na wanawake, aliacha mwiko ndani ya sufuria. Alimwambia wifi yake kwamba mtu hufungua mlango mmoja wa nyumba yake, lakini huyu kafungua yote. Wifi akamwambia akoroge, ugali unashika.

Kweli majembe yakapatikana. Wahunzi walijenga tanuri, Moto akaingia akipulizwa kwa mivukuto, Chuma akalegea, akapigwa akawa jembe, akawa sindano, akawa shoka, huku mwenyewe akibaki mtu vilevile. Mji ukashiba. Watu wakaongezeka hadi mlima ukawa mwembamba kwao, wakaanza kuwaza nyumba za kupandana, moja juu ya nyingine. Miti ilijaribiwa ikapinda. Akaitwa Chuma, naye akasimama akawa nguzo na mihimili, akabeba nyumba ndefu kuliko mikaratusi. Wageni walitoka mbali kuja kumtazama. Majivuno yaliyokuwa yamejificha yakarudi na wajomba zake.

Nambua alipanda nyumba hiyo na karai la udongo uliochanganywa na makapi. Alitaka kumkandika mumewe nguzo kwa nguzo, ili siku Moto akiingia humo joto likawie kufika mifupani.

"Vaa, Baba Nakijwa. Uliapa popote, na hapa ni popote."

"Udongo ni wa vibanda," Chuma akamjibu. "Watu wapande mlima wote huu waje kutazama tope?"

Mwanamke hakubishana. Alingoja hadi Chuma alipoalikwa harusini, akakandika alichoweza, safu nene nene. Chuma aliporudi akanuna, akaamuru udongo ubanduliwe kila mahali wanapopita wageni. Zikabaki na nguo nguzo za ngazi ya nyuma tu, ile ya kushushia majivu na ndoo za maji machafu, kwa sababu huko hakuna mgeni aliyetia pua. Mji mzima ulicheka kwamba Nambua amemshonea mume suruali ya mguu mmoja.

Binti yao Nakijwa alijifungua akiwa juu kabisa ya nyumba hiyo. Bado alikuwa ndani, mtoto hajatolewa nje, wakati samli iliyokuwa ikichemshwa kwa ajili ya sherehe ilipofurika katika ghala la orofa ya kati. Lilikuwa limejaa mikeka, vibuyu vya mafuta na magunia ya pamba. Moto akajikuta kwenye chakula asichowahi kukiona.

Watu walikimbilia maji. Chuma akawazuia. Aliwaambia watulie, yeye ndiye aliyeibeba nyumba hiyo na hajaona moshi wa kumwangusha, na wakamwamini, kwa maana nani angejua nguvu za Chuma kuliko Chuma? Wakasimama chini wakitazama juu kama wako ngomani.

Moto hakuwa na hasira. Alimkumbatia kama alivyomkumbatia tanurini, kwa heshima na kwa bidii. Kwanza Chuma akatanuka. Mihimili ikarefuka ikasukuma kuta hadi zikalia, na watu chini wakapiga makofi wakidhani anajikaza. Nambua hakupiga makofi. Alikuwa amemwona mumewe tanurini mara nyingi, akajua kwamba akishamaliza kutanuka kinachofuata ni kulegea. Alijitanda khanga iliyoloweshwa maji, akapanda kwa ngazi ya nyuma.

Ngazini humo, nguzo ndani ya udongo wake zilikuwa bado zimesimama wima. Alimkuta Nakijwa amejikunyata na mtoto kifuani, akiogopa kutoka kwa sababu ya mila. Nambua akamwambia mila imekwenda kuchota maji, inuka. Wakashuka, mama mbele, binti ameshika pindo lake.

Watu husema Chuma aliyeyuka siku ile. Waongo hao, walikuwa wanatazama moshi. Halikudondoka hata tone. Alilegea tu, nusu ya nguvu zake ikamtoka angali mzima, na mzigo ulikuwa uleule. Mihimili ikapinda kama kamba ya kuanikia nguo zilizolowa, ikavuta nguzo, nguzo zikatoka mahali pake, orofa ya juu ikaikalia ya chini. Waliokuwa wakitazama wakatimua mbio hadi bondeni. Ngazi ya nyuma ilibaki peke yake ikitikisika. Nambua, Nakijwa na mtoto walipofika uani na kuvuka ua, joto likawa limepenya udongo, na ngazi nayo ikalala.

Walipomkuta Chuma kwenye majivu alikuwa amejikunja kama nywele za mzee. Moto, amekwisha kupoa, alikuwa amekaa kando yake. Akasema, "Mtani, hukuniambia tanurini ni ndiyo na nyumbani ni hapana." Chuma hakuweza kumwomba arudishe kiapo, maana kiapo kikirudi majembe nayo yanarudi. Alimtazama mjukuu, kisha akamtazama mkewe, na kwa mara ya kwanza akasema na mtu akiwa ameinama.

"Nambua, nivike."

Na tangu siku hiyo Chuma hulegea popote Moto anapomkumbatia sawasawa, awe jembe la maskini au mhimili wa ghorofa la tajiri. Na tangu siku hiyo mafundi wanaosimamisha majumba marefu humvika nguo kabla hawajamtwika mzigo. Wengine humvika zege, wengine lipu nene, wengine rangi inayovimba ikipata joto. Nguo hiyo haimshindi Moto. Humchelewesha tu, na huko kuchelewa ni mali ya watu walio juu. Kwa hiyo ukiwa ghorofani ukasikia harufu ya moshi, usikae kuuliza nguzo ina unene gani. Shuka.