Najua, Sikwambii

Paukwa!

Pakawa!

Mbona sauti za watu wazima sizisikii? Paukwa tena!

Pakawa!

"Sema hujui!"

"Nitasemaje sijui, mama, na ninajua?"

"Sema hujui, Tindi! Neno moja tu, litakuua?"

Zamani hizo za kale, wanyama walipokuwa bado na nyumba za milango, ndivyo walivyogombana ndege wawili, mama na binti. Walikuwa ndege waonyeshao asali. Kazi yao kuita. Wakiita, wanyama wanafuata, hawaulizi mara mbili, wanaikuta asali. Wanakula asali, wanawaachia ndege nta. Ndicho chakula chao.

Asubuhi hiyo Fisi alikuwa anapita nyumba kwa nyumba. Anamtafuta Mama Nyegere, aliyejifungua juzi watoto wawili, hata macho hawajafumbua. Anawataka wale watoto awale. Na Tindi na mama yake walijua walipofichwa.

"Ni ile yoga ya Korongo imekuharibu," mama akasema. "Unasimama mguu mmoja bwawani, unavuta pumzi, ukirudi nyumbani unanibishia!"

"Korongo anasema hata ulimi una yoga yake, mama. Kabla hujasema, vuta pumzi. Jiulize: ni kweli? Litamuumiza mtu?"

"Basi litatuumiza sisi!"

Ngo! Ngo! Ngo!

Hawajafungua, Fisi yuko ndani.

"Shikamoo, mjomba," Tindi akasema.

"Marahaba, binti mzuri. Nyegere yuko wapi?"

Mama akamkonyeza. Tindi akainua mguu mmoja. Akasimama kwa ule wa pili, kama Korongo. Akavuta pumzi. Akaishusha.

"Najua, mjomba. Sikwambii."

Fisi akacheka, kwi kwi kwi! "Mtoto huyu ana utani! Haya, usiniambie. Ita tu ule wito wako wa asali. Atatoka mwenyewe."

Tindi akavuta pumzi.

"Pasipo na asali siiti."

Fisi hakucheka tena. Akakipiga teke chungu cha nta, pwaa! Nta ya msimu mzima. Akaikanyaga, akaichanganya na mchanga.

"Yuko wapi?"

"Najua. Sikwambii."

Akamshika mkia. Nyofu! Unyoya mmoja. Nyofu! Wa pili. Machozi yakamtoka Tindi, chururu.

"Yuko wapi?"

"Nyofoa hata yote! Najua. Si-kwa-mbii!"

Fisi akachoka. Akamwachia, akamgeukia mama aliyesimama mlangoni.

"Mama Tindi, wewe mtu mzima, una akili. Mtoto wako ana wazimu. Na wewe je? Kama hujui, sema tu hujui, mimi niende zangu."

Wadogo zangu, na ninyi wakubwa, sikieni. Uongo mdogo ni uongo. Na ukweli wa kumtoa mwenzio aliwe, huo nao usiuseme. Vuta pumzi kwanza. Lisilosemeka, likatae waziwazi, mtu akikutazama usoni. Watoto wa Nyegere walifumbua macho wakiwa salama, wakamkuta mama yao.

Hadithi yangu naikatia palepale mlangoni. Mama anamtazama binti yake alivyonyofolewa. Anamtazama Fisi. Anavuta pumzi, anaishusha, anasema:

"Mimi pia najua, Bwana Fisi. Na sikwambii."