Mafuta ya Lango la Mashuduni

Hapo zamani, enzi ambazo mgeni hakuulizwa jina lake bali aliulizwa ana mlango gani, palikuwa na mji uitwao Mashuduni. Kaeni vizuri. Kisa hiki hakichekeshi, na mwisho wake nitawaachia ninyi mhangaike nao.

Mashuduni ulikuwa mji wa vinu vya mafuta. Kila mtaa ulikuwa na kinu, na kila kinu kilikuwa na ngamia aliyefungwa kitambaa machoni. Ngamia anazunguka, anazunguka, ufuta unasagika, mafuta yanachuruzika. Watu wa mji ule waling'aa nyuso, lakini hawakuwapenda wageni. Hawakuwafukuza, la hasha, wao walikuwa waungwana. Waliwawekea sharti tu. Mgeni mwenye nguvu zake aliruhusiwa kuingia kutafuta riziki, lakini hakuingiza mzee, hakuingiza mtoto, hakuingiza mgonjwa, mpaka kwanza awe na mlango.

Na mlango ulipatikana kwa njia mbili. Njia ya kwanza, uajiriwe kinuni. Utumike mpaka mavuno yote yasagwe, ndipo bwana wako akupake mafuta kifundoni mwa mkono, akupitishe langoni mbele za watu, aseme, "Huyu ni wangu." Njia ya pili, ununue kinu chako mwenyewe. Mafuta yako ya kwanza kabisa yalitiwa katika taa ya lango, mle ukumbini mwenye giza, ikawashwa jua likichomoza. Ikiwaka mpaka jua linazama, una mlango. Ikizimika kabla, kinu kinarudi kwa aliyekuuzia, ulicholipa hakirudi, nawe unatolewa nje ya lango.

Mnauliza kama sharti hilo lilikuwa la haki? Waulizeni walioliweka.

Basi, mvua zilipokataa nchi za juu na mifugo ikaisha, wakateremka ndugu watatu: Chande, mkubwa wao, Mwanate, wa kati, na Faki, kitinda mimba. Mama yao, Bi Zaharia, walikuja naye, pamoja na Siwema, binti wa Mwanate, ambaye baba yake alifia njiani. Walipofika langoni, walinzi wakamtazama bibi, wakamtazama mtoto, wakaonyesha kidole ng'ambo ya mto, kwenye vibanda vya makuti walikotupwa wasio na mlango.

Bi Zaharia akaulizauliza huko vibandani, akarudi na habari mbaya. "Wanangu, hapa mvua ikianza na homa inaanza," akasema. "Wanasema msimu uliopita hawakubaki watoto. Fanyeni mfanyavyo, lakini mvua isimkute Siwema hapa."

Hilo ndilo lililokuwa mbele yao. Mwanate alimbusu mwanawe utosini, akaingia mjini na kaka yake na mdogo wake, na moyo wake aliuacha kule kibandani.

Walikuwa na kitu kimoja cha thamani, vikuku vya fedha alivyopewa Mwanate siku ya ndoa yake. Wakaketi kivulini nyuma ya soko, vikuku vikiwa mapajani mwake, na ndugu zake wakaanza.

"Mgeni kwanza atumike," akasema Chande. "Ajue mji, ajue watu, ajue kazi inavyofanywa huku. Tuajiriwe sote. Mavuno yakiisha tuna mlango, na vikuku vyako bado unavyo. Lolote likitokea, tuna cha kushika."

"Na mvua ikitangulia mavuno?" akauliza Faki.

"Kwa kawaida haitangulii."

"Kawaida ya nani, Kaka? Kwetu pia kwa kawaida ilikuwa inanyesha!" Faki akamgeukia dada yake. "Dada, kibarua hana lake. Bwana akiamka vibaya, umekwisha. Kuna mtu anaitwa Nuhu, anauza kinu pamoja na ngamia na ufuta wa kuanzia. Tukinunua leo, kabla ya mwezi kuandama Siwema yuko ndani. Kwani sisi ufuta hatuujui? Tumezaliwa ndani ya ufuta!"

Hapo alisema kweli. Kwao walikamua mafuta tangu enzi za mababu.

Mwanate alimsikiliza huyu, akamsikiliza yule. Chande alikuwa na busara, hakuna aliyebisha. Lakini busara ya Chande ilitaka subira, na kila alipofumba macho Mwanate aliona vibanda vile vya makuti. Akavua vikuku akampa Faki.

Chande hakugombana. Alisema tu, "Sawa. Ninyi shikeni lenu, mimi nishike langu. Angalau mtoto atakuwa na milango miwili ya kutazamia." Akaenda kuajiriwa kwa Bwana Masudi, mwenye kinu kikubwa kuliko vyote. Na huko, kabla hajagusa hata punje, alilishwa yamini kama vibarua wote wa Mashuduni: siri ya kinu hiki hutaitoa nje, si kwa mke, si kwa ndugu. Ukisema neno moja, unatupwa ng'ambo ya mto na hutarudi tena.

Nuhu akapokea vikuku, akavipima mkononi, akatabasamu. Kinu kile alikuwa amekwisha kukiuza kwa wageni mara nyingi, na kila mara kilimrudia. Hakusema uongo hata mmoja, maana hakuna aliyemwuliza kitu.

Sasa sikilizeni kosa lenyewe.

Kwao Mwanate ufuta uliwekwa juani mchangani, kwa hiyo ulijaa mchanga. Mwanamke aliyekamua bila kuuosha alichekwa ukoo mzima. Waliuosha maji mawili, wakauanika, na jua la kwao lilikausha kila kitu hata mate mdomoni. Basi Mwanate akafanya alivyofundishwa na mama yake. Akaosha kwa mikono yake, maji mawili, akaanika juu ya mikeka uani. Akaimba kidogo hata. Lakini Mashuduni ulikuwa mji wa mtoni, wenye ukungu na jasho, na mawingu yalikuwa yamekwisha kuanza kujikusanya. Ufuta wa huku haukuoshwa. Ulipepetwa, ukakaangwa kidogo, ukasagwa. Kibarua yeyote alilijua hilo siku ya kwanza. Chande alilijua.

Jioni kabla ya siku ya kukamua, Chande alipita uani kwao akitoka kazini. Akaiona mikeka, akasimama. Mwanate alimwona akichota ufuta kiganjani, akafumba mkono, akaufungua. Punje zilimganda kiganjani. Akaunyosha ule mkono mbele ya dada yake, akamtazama machoni muda mrefu, midomo ikimcheza.

"Nini, Kaka?" akauliza Mwanate.

Chande akatikisa kichwa. Akapangusa punje, akaenda zake bila kuaga.

Mwanate akaudhika. Alidhani kaka yake anawasuta, kwamba bado ana kinyongo cha vikuku. Hakumwita. Hakutia hata kidole kwenye mkeka kupima unyevu. Alikuwa amechoka, na Faki alikuwa akipiga kelele ndani kwamba kesho alfajiri wanafunga ngamia, liwalo na liwe.

Wakakamua. Faki akatumbukiza utambi katika kikombe cha mafuta, ukawaka vizuri, akacheka, akamkumbatia dada yake. Asubuhi ya pili taa ya lango ikajazwa, ikawashwa jua likichomoza. Iliwaka. Saa za adhuhuri ilikuwa ingali ikiwaka, na Mwanate akaanza kufikiri atamlaza wapi Siwema, upande wa ukutani au karibu na mlango. Alasiri, mafuta ya juu yalipokwisha kuliwa, utambi ukafikia yaliyokuwa chini. Chini palikuwa na maji. Taa ikalia, ta-ta-ta, ikarusha cheche, ikazimika. Jua lilikuwa bado liko juu ya mapaa.

Walinzi hawakucheka. Mmoja alisema, "Poleni," kisha wakawatoa Faki na Mwanate nje ya lango, na Nuhu akaenda kumwangalia ngamia wake.

Mvua ilianza wiki ileile. Ilikuwa imetangulia mavuno. Homa ikaja nayo, ikaingia kibanda baada ya kibanda, ikaingia na cha Bi Zaharia. Siwema akaungua. Mwanate akaenda langoni kumwita mganga, mganga akaja mpaka kizingitini, akauliza, "Utanipa nini nivuke mto katika mvua hii?" Mwanate akatazama mikono yake. Haikuwa na kikuku.

Akamtumia Chande habari. Chande akaenda kupiga magoti kwa Bwana Masudi, akaomba apakwe mafuta leo, amlete mtoto ndani. Bwana Masudi alikuwa mtu mpole. Akasema, "Mwanangu, ufuta uliobaki ghalani unauona. Ukiisha tu." Chande alisaga mchana kutwa, alimswaga ngamia mpaka akatoka povu, alikula amesimama.

Ufuta ukaisha. Bwana Masudi akampaka mafuta kifundoni, akampitisha langoni, akasema, "Huyu ni wangu." Chande hakungoja hata wamalize kupiga vigelegele. Alikimbia mpaka mtoni, akavuka maji yakimfika kifuani, mkono wenye mafuta ameuinua juu usije ukaoshwa.

Akamkuta Faki anachimba.

Siwema alikuwa amekata roho alfajiri. Alikuwa amefungwa katika kanga ya mama yake, maana sanda haikupatikana. Kaburi lilikuwa fupi mno, na Mwanate alipolitazama aliona uchungu usio na pa kutokea. Hakulia. Aliogopa kuanza.

Na hapa mjue desturi ya watu wale wa nchi za juu. Kwao, anayeshuka kaburini kumpokea mtoto ni yule mwenye mkono katika kifo chake. Anashuka, anampokea, anamlaza kwa mikono yake mwenyewe, mbele ya wote. Ni aibu isiyo kifani. Lakini akishapanda juu, amesafika. Hakuna atakayemsuta tena mpaka kufa kwake. Anayemtaja ni mama mzazi, na hutajwa mmoja tu.

Bi Zaharia akasema kwa sauti iliyokauka, "Mwanate, mtaje. Mtoto asikae nje katika mvua."

Faki akatupa jembe. "Mtaje Chande! Alijua! Aliushika ule ufuta mbichi, akatazama, akaondoka! Neno moja tu, Kaka. 'Ukaangeni.' Hukuwa nalo?"

"Nililishwa yamini," akasema Chande. "Ningesema, ningetupwa huku siku ileile, na taa yenu ingeweza kuzimika kwa jambo jingine. Hapo mtoto angebaki na nini? Mimi ndiye niliyekuwa mlango wake wa pili. Na bado nilikuja, nikaonyesha mkono. Wewe uliniuliza? Siku zote ulizokuwa na kinu, uliwahi kuja kuniuliza, 'Kaka, huku wanafanyaje?'"

"Ningekuuliza ungenijibu?"

Chande akakitazama kifundo chake chenye mafuta.

"Na hata ningekusikiliza tangu mwanzo," akasema Faki, "sote tungekuwa vibarua. Huo hapo mlango wako, unanuka mafuta. Yuko wapi mtoto? Mimi peke yangu ndiye niliyetafuta mlango wa kuwahi!"

"Na mimi peke yangu ndiye niliyesema vikuku vibaki. Vingebaki, mganga angevuka mto. Ulicheza kamari na dawa ya mtoto, Faki."

Wakatazamana, mvua inawapiga, na hasira ikawaishia wote wawili kwa pamoja. Chande akakaa chini matopeni. Akafikicha kifundo cha mkono wake kwa udongo mpaka mafuta yakatoka. "Basi nishuke mimi," akasema taratibu. "Dada, nitaje. Siwezi kuishi nalo."

"Hushuki!" Faki akamrukia akamshika bega. "Ushuke wewe, usafike, halafu mimi nibaki nalo maisha yangu yote? Nitaje mimi, Dada!"

Mwanate aliwasikia kama watu walio mbali. Alikuwa akiitazama mikono yake. Mikono hii ndiyo iliyovua vikuku. Mikono hii ndiyo iliyoosha, maji mawili, huku mwenyewe akiimba. Kiganja chenye punje kilinyoshwa mbele yake, naye akakasirika badala ya kuuliza. Alitamani kushuka yeye mwenyewe, amshike Siwema kwa mara ya mwisho, apande akiwa mwepesi. Lakini alijua kwamba akishuka yeye, ndugu zake watabebeshwa mzigo huo mpaka kufa kwao. Akimtaja mmoja, amemsamehe huyo, na amemlaani mwingine, na amejilaani mwenyewe.

Bi Zaharia akamweka mtoto mikononi mwake. "Mtaje, mwanangu."

Mwanate akafungua kinywa.

Mimi naishia hapo. Msinitazame hivyo, sitawaambia alitaja jina gani. Ninyi mliokula mkashiba, mliolala chini ya paa lenu, mnaojua zaidi yangu kama mgeni atumike au anunue, nijibuni ninyi: mmoja alinunua bila kuuliza, mmoja alitumika akanyamaza, mmoja alitoa vikuku akaosha ufuta. Kaburi lina nafasi ya mtu mmoja kusimama. Je, nani alistahili kushuka?