Ndafu Aliyefungwa Mkanda

Wewe uliyekaa hapo mbele, nijibu bila kuzunguka: ukipewa gari linaloweza kukimbia mia mbili na arobaini kwa saa, ukapewa na barabara iliyonyooka, utakwenda hamsini? Ngoja, usijibu sasa. Wanaojibu haraka ndio haohao wanaoendesha haraka.

Hapo zamani, ila si zamani sana, maana lami ilikuwa imeshafika na watu wameshaacha kuishangaa, huko Uchaggani palikuwa na bwana mmoja akiitwa Daktari Kiwelu. Hakuwahi kutibu hata kuku. Udaktari alitunukiwa hotelini, kati ya supu na keki, na tangu siku hiyo ukimwita Mzee Kiwelu hageuki. Alikuwa na gari jeusi la Kijerumani ambalo likiwashwa mbwa wa majirani wananyamaza. Yeye mwenyewe aliliendesha kama mtu aliyepakia mayai, lakini habari za mbio za gari hilo alizijua zote, akazisimulia misibani.

Binti yake akapata mchumba. Na harusi ya Kichagga bila ndafu, tuseme kweli, ni mkutano tu. Mbuzi mzima anachomwa, anasimamishwa kwa miguu yake minne, anatiwa majani mdomoni kama vile bado anakula, kisha anaingizwa ukumbini kwa nyimbo na vigelegele. Mchomaji hodari alikuwa huko chini, tambarare. Ukumbi ulikuwa juu mlimani.

"Ndafu wa binti yangu hapandi pikapu," akasema Daktari. "Aminieli! Chukua gari langu. Na leo watu walione."

Aminieli alikuwa dereva wake, mtu anayeweza kurudisha trela kinyumenyume kichochoroni huku anamenya chungwa. Akachukua gari. Kiti cha nyuma wakakaa wawili: ndafu, na Shangazi Ndeshi, dada yake Daktari, aliyetumwa kumshika ndafu pembe asiyumbe. Ndafu akafungwa mkanda. Shangazi akakataa wake.

"Utanikunjia gauni," akasema.

Wakaondoka. Barabara ikanyooka katikati ya mahindi na nyumba za watu, na kibao kikasema hamsini. Aminieli akatazama mbele. Hakuna gari lililomwashia taa. Mnaijua lugha yetu ya barabarani: dereva anayetoka mbele akikuwashia taa, maana yake trafiki yuko huko. Asipowasha, trafiki hayuko. Na pasipo trafiki, dereva wetu huamini kwamba hata kifo hakiko. Mguu ukashuka. Mia. Mia na thelathini. Mia na themanini. Ndani ya gari kimya, kiyoyozi kinapuliza, ndafu katulia.

Nje, Bibi Manka alikuwa akitembea ukingoni na ndoo ya mbege kichwani, pombe ya ndizi aliyoipika kwa ajili ya harusi hiyohiyo. Akasikia mngurumo. Akainua macho. Akaruka mfereji ambao hakuwahi kuuruka tangu alipokuwa msichana. Mahindi yakanyweshwa mbege, na Bibi akaanguka juu ya mkono wake mwenyewe. Gari likapita. Halikumgusa. Hata upindo wa kanga yake halikuugusa.

Mbele kidogo akachomoka Koplo Nyanzala kutoka ndani ya mahindi, ameshika tochi, ile ya kupimia mwendo. Aminieli akafunga breki, na gari likasimama kwa adabu kubwa. Shangazi akaja mbele mzimamzima. Ndafu akabaki pale alipo, majani mdomoni.

Kesi ikafika mahakamani. Shtaka: kuendesha gari kwa hatari.

"Mheshimiwa Hakimu," akasema Aminieli, "mwendo kasi nakiri. Hatari nakataa. Gari halikumgusa mtu."

Msidhani anacheza na maneno. Ikiwa ni mwendo kasi tu, analipa faini na kurudi nyumbani kula. Ikiwa ni hatari, leseni inakwenda, na huenda yeye mwenyewe akafungwa. Aminieli hakuwa na shamba, hakuwa na duka. Alikuwa na leseni.

Hakimu, mama mwembamba asiyependa hotuba, akamtazama Daktari Kiwelu, ambaye tayari alikuwa ameanza hotuba.

"Mheshimiwa, mimi sikukanyaga mafuta. Mimi nilitoa gari tu. Na kwa faida ya mahakama hii, naomba nifafanue: gari lile kwa mia na themanini limetulia kama kitanda. Twende kwa mchungaji wetu. Kigari chake kinafungwa mlango kwa kamba, na kikifika sitini abiria wanaungama. Sasa, kati ya hayo mawili, lipi la hatari?"

"Ulimwambia dereva nini siku ile?"

"Nilimwambia watu walione gari."

"Walione likiwa limesimama?"

Daktari akafuta miwani yake. Akakaa.

Akaja Shangazi Ndeshi, uvimbe bado uko kwenye paji la uso. "Mheshimiwa mwanangu, mimi sikukanyaga mafuta. Mimi nilisema kanyaga tu. Na neno halina mguu. Mimi nilikuwa nawaza ndafu. Ndafu akipoa mafuta yanaganda, akiganda wanacheka, wakicheka wanatucheka sisi, si mbuzi. Ungekuwa wewe ndiwe shangazi wa bibi harusi, ungesema nini?"

"Ningefunga mkanda," akasema Hakimu.

Akaja Koplo Nyanzala, viatu vinang'aa. "Mheshimiwa, mimi sikukanyaga mafuta. Mimi nilipima tu."

"Ulikuwa umesimama wapi?"

"Ndani ya mahindi, Mheshimiwa."

"Ungesimama barabarani akakuona, angepunguza mwendo?"

"Angepunguza. Wote hupunguza."

"Na yule bibi angeruka mfereji?"

Koplo akafikiri. "Asingeruka, Mheshimiwa. Lakini na mimi nisingemkamata mtu."

Watu wakacheka mpaka karani akagonga meza. Aminieli hakucheka. Akarudia tena, safari hii kwa sauti ya chini: "Gari halikumgusa mtu."

Na kweli halikumgusa, jamani. Hapo ndipo penye kesi yenyewe. Barabara kavu, jua kali, breki mpya, dereva bingwa. Damu haikumwagika, ilimwagika mbege. Hakimu akashika kalamu, akaiweka chini, akaishika tena. Akauliza kama Bibi Manka ana neno.

Bibi Manka akasimama, mkono wa kushoto umefungwa hogo jeupe la plasta ambalo wajukuu walishalichora maua.

"Mimi nimesikia yote," akasema. "Gari lina breki nzuri. Nimefurahi kwa ajili ya gari. Mimi breki sina, nilikuwa na mfereji. Lakini sikuja kudai kitu. Mbege itapikwa nyingine, mkono ukitaka utapona. Nina swali moja tu kwa huyu mwanangu, nalala nalo, naamka nalo. Aminieli, uliniona?"

Daktari akainama, akamnong'oneza dereva wake bila kuchezesha midomo, ufundi aliojifunza kwenye vikao vya kamati: "Sema hukumwona."

Shangazi akakohoa. Koplo akatazama viatu vyake.

Aminieli akatazama yale maua kwenye hogo. Angeweza kusema hapana. Hakuna ambaye angejua. Nyuma walikuwa mwanamke aliyefumba macho na mbuzi aliyechomwa.

"Nilikuona, Bibi," akasema. "Nilikuona tangu mbali. Wala haraka haikuwepo. Walishatupigia simu kwamba bibi harusi bado yuko saluni. Shangazi aliposema kanyaga, mguu wangu ulikuwa umeshafika chini. Nilitaka tu kujua gari linaishia wapi. Nilikuona, na ndoo yako kichwani, nikasema moyoni: atapisha. Watu hupisha."

Haya, ninyi mnaocheka, kalamu ya Hakimu iko mkononi. Mmoja alitoa gari, mmoja alisema kanyaga, mmoja alijificha kwenye mahindi, na wote watatu wanakwenda nyumbani. Mmoja amesema kweli, na ni kweli hiyohiyo itakayomfunga. Gari halikumgusa mtu. Je, hatari ile ilikuwa ya nani, na nani alistahili kuilipia?